Jirani anapiga dawa saa mbili asubuhi na nyuki wangu wanakufa. Sheria inanilinda?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nalima matikiti ekari moja na nusu ukingoni mwa mto Sabaki, upande wa Magarini, kaunti ya Kilifi, na nina mizinga minane niliyoipata kupitia kikundi chetu cha kina mama. Msimu uliopita jirani yangu alipiga dawa kwenye nyanya zake saa mbili asubuhi. Kesho yake niliamka nikakuta nyuki wamelala chini ya mizinga kama pumba. Mizinga mitatu imebaki mitupu. Matikiti nayo mengi yalitoka kombo, mengine yakaanguka yangali machanga. Jirani anasema dawa kainunua dukani, kihalali. Je, kuna sheria ya kulinda nyuki? Tukitaka kaunti itusaidie, tuombe nini hasa? Na hii mizinga iliyobaki niihamishe? – Kadzo, Magarini

JIBU: Marahaba, Kadzo, na pole sana. Hizo pumba nimeziona Gongoni, nimeziona Kakoneni, na nimeziona nyumbani kwangu mwaka wa kwanza nilipoanza kufuga. Mwenye mizinga hupita siku nzima akizunguka hapo hajui ashike nini.

Swali lako la kwanza nalijibu sasa hivi: sheria ipo, ila si sheria ya nyuki. Kuna sheria ya dawa, kuna ya mazingira, kuna Katiba, na kila moja imeshika kipande chake. Lakini ukiniuliza mimi, kesi yako nzima iko katika maneno uliyoyaandika kwa kupita tu: saa mbili asubuhi.

Twende shambani kwanza. Ua la tikiti lina maisha ya asubuhi moja. Hufunguka jua likichomoza, na ikifika saa saba au saa nane mchana limeshasinyaa, halifunguki tena. Ua jike utalijua kwa kile kitikiti kidogo kilicho chini yake, kijani, kimejaa vinyweleo kama shavu la mtoto mchanga. Ua dume halina. Chavua ya tikiti ni nzito na inanata, haibebwi na upepo hata kusi ivume vipi. Sharti iletwe na mdudu kutoka ua dume hadi ua jike, na si mara moja. Katikati ya ua jike kuna kichwa chenye sehemu tatu, na chavua inatakiwa itue ya kutosha kwenye zote tatu. Ikikosa upande mmoja, mbegu za upande ule hazikui, na nyama ya tikiti hufuata mbegu. Hapo ndipo linapotoka kombo, tumbo upande mmoja na kiuno upande wa pili. Ikikosa kabisa, kile kitikiti hugeuka manjano siku chache baadaye na kudondoka.

Kwa hiyo nyuki ana kama saa sita za kufanya kazi ambayo wewe utaivuna wiki kadhaa baadaye, na jirani yako aliingia na bomba katikati ya saa hizo sita.

Simtetei, lakini namwelewa. Anayepiga dawa huku kwetu mara nyingi si mwenye shamba, ni kibarua anayelipwa kwa bomba. Anataka amalize kabla jua halijakaza na kabla upepo wa baharini haujaamka. Ukimwambia apige saa kumi na mbili jioni, atakukumbusha kwamba ukingoni mwa Sabaki hiyo ni saa ya viboko kutoka majini, na atakuwa amesema kweli. Wataalamu wengi huandika "puliza usiku" kana kwamba kila mkulima ana ua wa seng'enge na taa za umeme. Mimi nasema saa kumi alasiri. Ua la tikiti limeshafunga, nyuki wengi wamesharudi au wako njiani, na kibarua ana muda wa kuosha bomba kabla giza halijaingia. Si kamilifu, ila inatekelezeka.

Sasa nikuulize wewe: wale nyuki uliowakuta chini, uliwatazama ulimi? Nyuki aliyekufa kwa sumu mara nyingi hufa ulimi umetoka nje, umenyooka. Baadhi utawakuta hawajafa, wanatetemeka na kuzunguka kwa mgongo wasiweze kuruka. Aliyekufa kwa njaa humkuti nje kwa wingi. Utamkuta ndani, kichwa kimezama katika tundu la sega akitafuta tone la mwisho. Ikitokea tena, usizoe kwa ufagio ukatupa. Chukua chupa safi, tia nyuki wa asubuhi ile ile, kama 200 hivi, andika tarehe, saa, na jina la dawa ikiwa umelipata, kisha mwombe mwenye friji ya kugandishia samaki akuwekee. Joto letu huivunja sumu upesi, na maabara haiwezi kupima kisichokuwepo. KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, wana maabara ya kupima mabaki ya dawa. Gharama yake ni ya kikundi, si ya mtu mmoja. Piga picha pia, na mwite mzee wa kijiji aone kwa macho yake. Bila hivyo, siku ya kuzungumza itakuwa neno lako na neno la jirani.

Kuhusu "kainunua kihalali". Sheria ya kudhibiti dawa za wadudu, Sura ya 346, ni ya mwaka 1982, na bodi yake, PCPB, ndiyo inayosajili kila dawa kabla haijauzwa Kenya. Huenda jirani asema kweli. Ila uhalali wa kununua si uhalali wa kupuliza. Sheria hiyo hiyo inakataza kutumia dawa katika hali isiyo salama, na kibandiko cha chupa ndicho kinachoeleza hali salama ni ipi. Muombe jirani chupa tupu, msome pamoja. Dawa nyingi za nyanya zinazouzwa hapa, zile za jamii ya sipamethrini na lamda-sihalothrini, zimeandikwa waziwazi kwamba ni hatari kwa nyuki na zisipulizwe mimea ikiwa na maua. Hakuna anayesoma, kwa sababu maandishi ni madogo kama mchwa na muuzaji wa agroveti naye amekwisha kusema "weka vifuniko viwili kwa bomba". Na kuna mtindo wa kuchanganya dawa ya wadudu na dawa ya ukungu kwenye bomba moja ili kuokoa siku ya kibarua. Baadhi ya dawa za ukungu humnyima nyuki uwezo wa kuivunja sumu mwilini, kwa hiyo kipimo ambacho angekihimili kinamuua.

Pia kuna dawa ambazo saa haisaidii. Imidaklopridi na ndugu zake hunyonywa na mmea, zikapanda mpaka kwenye chavua na mbochi, yaani maji matamu ya ua. Ukiimwaga kwenye shina asubuhi au jioni ni mamoja, nyuki ataikunywa ua likifunguka. Umoja wa Ulaya uliziwekea mipaka dawa tatu za kundi hilo mwaka 2013, na mwaka 2018 ukakataza kabisa kuzitumia nje ya vyumba vya kilimo vilivyofunikwa. Imidaklopridi ni mojawapo. Kwetu iliendelea kuuzwa baada ya hapo. Mwaka 2019 Bunge la Taifa lilipelekewa ombi la kutaka dawa za namna hiyo ziondolewe sokoni, na mjadala huo umekuwa ukienda na kurudi tangu hapo. Hilo ni jambo la Nairobi, kaunti haina uwezo wa kuifutia dawa usajili, kwa hiyo msipoteze karatasi kuiomba Kilifi kitu ambacho si chake.

Wafaransa, hata hivyo, wana jambo moja ambalo ningetamani tuliige. Kwa amri ya Novemba 2021, mkulima wa kule anayetaka kupuliza mmea unaovutia nyuki ukiwa na maua hufungwa na saa: kuanzia saa mbili kabla ya jua kuzama hadi saa tatu baada ya kuzama. Hawakuanza kwa kugombana ni dawa gani mbaya na ipi nzuri. Waliifuata saa ya ua. Na hilo linaweza kufanywa na kaunti, hata na wadi, kwa sababu Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya kilimo cha mazao na mifugo.

Kabla hatujafika huko kwenye kuomba, kuna jambo ambalo hukuliuliza na ndilo linalonikosesha usingizi.

Nyuki wako wa mzinga wana mwenyewe. Wakifa, Kadzo analia, Kadzo anaandika barua. Sasa kaa kwenye nyanya za jirani saa tatu asubuhi uangalie. Utamwona nyuki mkubwa mweusi, wa kidole gumba, yule anayetoboa matawi makavu ya mkorosho na mbao laini za paa, akaacha unga wa mbao chini. Anashika ua la nyanya kwa miguu na kulitikisa kwa mngurumo, *vrrr*, kama pikipiki inayokataa kuwaka. Chavua ya nyanya imefungiwa ndani ya kijimrija, na mngurumo ule ndio unaoimwaga. Nyuki wa asali hajui kazi hiyo. Ua la nyanya laweza kujichavusha lenyewe kwa kiasi, lakini likingurumishwa linazaa vizuri zaidi. Biringani ndiyo inamhitaji hasa: utafiti uliofanywa Nguruman, kule Kajiado, ulionyesha kwamba biringani za wakulima zilikuwa zikihudumiwa na nyuki wa porini wa namna hii, na kwamba nyuki wale waliishi kwa vichaka vya kando ya mashamba kwa sababu shamba peke yake haliwatoshi. Kwa hiyo jirani yako alipopiga dawa alimuua pia kibarua wake mwenyewe, asiyelipwa kwa bomba wala kwa siku. Na huyo hakuwa na mtu wa kumlilia.

Wapo wengi. Yupo anayekata majani ya mbaazi kwa duara safi kama aliyetumia sarafu, akajengee watoto. Wapo wanaochimba ardhini, kwenye njia ngumu kati ya matuta, vishimo ambavyo watu hudhani ni vya sisimizi. Yupo yule nyuki mdogo asiyeuma, anayeweka bomba la nta mlangoni. Ua la mwembe linategemea sana mainzi, ndiyo, mainzi hawa hawa tunaowafukuza. Mbuyu hufungua ua lake magharibi na kungoja popo. Dunia ina aina za nyuki zaidi ya 20,000, na sera zetu za nyuki zinamjua mmoja, kwa sababu huyo mmoja anatoa kitu kinachouzwa kwa kilo.

Matokeo yake ni miradi ya mizinga. Nilishiriki katika mmoja, miaka mingi iliyopita, na sijivunii. Tuligawa mizinga mizuri, ya bei, yenye fremu, kwa vikundi vya kina mama kama chenu. Hatukuuliza nyuki watakula nini kati ya masika na vuli. Hatukuuliza nani anapiga dawa kando yao. Nilipopita tena baada ya miaka miwili nilikuta kuku wanaatamia ndani ya baadhi ya ile mizinga, na mama mmoja akaniambia kwa heshima kubwa kwamba kwa kuku inafaa sana. Tuliandika ripoti ya mizinga iliyogawiwa. Ya nyuki waliobaki haikuandikwa.

Jambo lile lile naliona sasa kwenye miti. Serikali ilitangaza mwaka 2022 lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, na hakuna anayelipinga. Lakini Kilifi, mtu akiambiwa apande mti, anapanda mvinje. Unakua haraka, boriti zake zina soko, na mimi mwenyewe nimejenga kwa mvinje. Ua la mvinje linachavushwa na upepo, halina mbochi. Ekari kumi za mvinje ni kivuli kizuri kwa mtu na jangwa kwa nyuki. Mkwaju, mwarobaini, mkorosho, na kule Mida na Ngomeni ule mchu wa mikoko ambao nyuki huufuata mpaka kwenye matope: hii ndiyo miti inayolisha. Mti unaohesabiwa kwa idadi tu hautamsaidia nyuki. Kaunti inapogawa miche, nusu yake iwe ya miti yenye maua, na hilo mliombe kwa maneno hayo hayo.

Mfano wa kuunganisha mdudu na msitu upo hapo Gede, hauko mbali nawe. Tangu 1993 mradi wa Kipepeo umekuwa ukinunua mabuu yaliyofungwa ya vipepeo kutoka kwa wakulima wanaopakana na Arabuko-Sokoke na kuyauza ng'ambo. Mkulima anayeuza buu anajua kwamba msitu ukikatwa, buu halipo. Hakufundishwa kwenye semina, amefundishwa na mfuko wake. Nyuki wa kuchavusha hana risiti ya namna hiyo, na ndiyo maana inabidi tumwandikie.

Nikirudi kwenye ombi lenu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kuipelekea kaunti ombi, na inaibana kaunti ijibu. Msiandike "tunaomba nyuki walindwe". Hiyo itawekwa faili. Andikeni kwamba mnataka utaratibu wa wadi: mimea yenye maua isipulizwe kabla ya saa kumi alasiri, na anayepiga dawa awajulishe wenye mizinga siku moja kabla, hata kwa ujumbe wa simu. Andikeni kwamba afisa wa kilimo wa wadi apewe pikipiki na mafuta ya kupita kwenye maduka ya agroveti na kuwafunza wauzaji, kwa sababu muuzaji ndiye daktari wa mkulima, tupende tusipende. Na hiyo ya miche.

Halafu pelekeni kwa wakati wake. Kaunti inatakiwa kufikisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, karatasi ya mwelekeo wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mkija Mei, mtapokelewa kwa chai na maneno mazuri. Ombi likifika Julai, mpango ungali unaandikwa, lina nafasi ya kuwa mstari ndani yake. Mwakilishi wenu wa wadi anaijua kalenda hii vizuri sana, muulizeni mbele za watu.

Mahakama je? Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki hiyo ikivunjwa, bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Kipengele hicho nakipenda, kwa sababu ndicho pekee ninachokijua ambacho hata yule nyuki mweusi asiye na mwenyewe anaweza kukiegemea. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo hapo Malindi. Lakini sikushauri uanzie huko. Jirani utazikana naye. Anza kwake, kisha baraza la chifu.

Na usiende mikono mitupu. Msimu huu fanya jaribio dogo. Jioni moja, maua yakianza, tafuta maua jike ishirini ambayo yatafunguka kesho; utayajua kwa ncha ya njano inayochungulia. Yafunge uzi, kumi mwekundu, kumi mweupe. Asubuhi, kama saa moja na nusu, chuma maua dume, vua petali zake, na uyapake chavua yale kumi ya uzi mwekundu kwa mkono, taratibu, sehemu zote tatu. Ya uzi mweupe waachie nyuki. Baada ya siku kumi hesabu mangapi yameshika na mangapi yameanguka. Mekundu yakishika na meupe yakianguka, shida ni uhaba wa nyuki. Yakianguka yote, basi usimlaumu jirani, tafuta maji, mbolea au ugonjwa wa virusi. Nakwambia hili kwa sababu nimeshaona watu wakigombana msimu mzima juu ya dawa, kumbe mferejini hapapiti maji.

Afadhali jirani awepo siku ya kuhesabu. Mwombe afanye na yeye kwenye biringani zake kama anazo.

Mizinga mitano iliyobaki usiihamishe kwanza. Kundi lililopungua hivyo, ukilibeba usiku mpaka mahali pageni, lina uwezekano mkubwa wa kutoroka. Ila igeuze upande. Shamba la jirani umesema liko wapi? Hukusema. Likiwa kusini mwako, basi toka Aprili hadi Septemba kusi inakuletea kila tone analopuliza, na mizinga inafaa iwe nyuma ya kizuizi: mstari wa mbaazi ndefu, au ukuta wa makuti kwa kuanzia. Mbaazi ina faida ya pili kwamba ikitoa maua, nyuki wa porini wanaijaa. Kando ya mfereji acha ukanda wa hatua tatu usilimwe wala usichomwe moto, kivumbasi kiote kipendavyo. Weka beseni la maji lenye mawe ya kukanyagia, wasiende kunywa kwenye matone ya dawa majanini. Na siku utakayoambiwa kwamba jirani anapiga, usizibe milango ya mizinga. Kwa joto la Magarini watakufa kabla ya saa tano. Funika mzinga mzima kwa gunia lililolowa maji, uache pembeni pa kupumulia, na umwagie tena likikauka. Likae hivyo mpaka alasiri, kisha liondoe.

Ile mitatu mitupu ikwangue nta ya zamani, uichome, kisha paka nta mpya kidogo kwa ndani na uiache kivulini. Vuli mkorosho ukiwa bado na maua, kuna uwezekano itakaliwa bila wewe kununua kitu.